Mashujaa wa Katuni: Tuwapime kwa Mizani Gani?



Kuhusu filamu za katuni na vitabu vya picha vya mashujaa wanaoruka angani, yapo makundi mawili katika misikiti yetu. Kundi la kwanza husimama na kutamka kwamba yote hayo ni haramu, ni hila za maadui wa dini, kisha hukaa chini likidhani kazi imekwisha. Kundi la pili husema kwamba huo ni mchezo wa watoto, waacheni wacheke, wakikua wataacha wenyewe. Makundi haya hugombana, lakini yanafanana kwa jambo moja kubwa: hakuna hata moja lililoketi kando ya mtoto likatazama anachokitazama tangu mwanzo hadi mwisho. La kwanza linahukumu bila kumsikiliza shahidi. La pili linamwachilia mshitakiwa bila kusoma shitaka.

Sisi tunasema kwamba hadithi hizi zina hatari, lakini hatari hiyo haiko pale inapotafutwa. Haiko katika kuruka, wala katika vazi la rangi, wala katika kinyago cha usoni. Iko katika somo linalorudiwa kila siku mbele ya mtoto: kwamba haki huletwa na mtu mmoja aliyepewa nguvu asizozitolea jasho, na kwamba watu wengine wote kazi yao ni kutazama juu na kumngoja. Mtoto aliyelelewa kwa somo hilo atakuwa mtu mzima wa kungoja. Na wilaya yetu hii, kwa yale iliyoyaona, haina haki ya kulea watu wa kungoja.

Banda limehamia mfukoni

Kwa miaka mingi mzazi wa Ngara aliyetaka kujua mtoto wake anatazama nini alikuwa na mahali pa kwenda. Alikwenda kwenye banda la video, lile la mabati na mabenchi, ambalo vijana wenyewe huliita kibanda umiza. Humo filamu za kigeni zilionyeshwa zikiwa zimetiwa maneno ya Kiswahili na wasimulizi kama Lufufu, na humo watoto walijifunza lugha ambayo hadi leo wanaitumia: yupo steringi, yupo adui, na steringi hafi. Mzazi aliweza kufika mlangoni, akamshika mtoto mkono, akaondoka naye.

Leo banda limehamia mfukoni. Katuni zinaingia kwa king'amuzi, kwa kadi ya kumbukumbu inayojazwa dukani kwa pesa kidogo, na kwa simu ya mama ambayo mtoto hupewa ili anyamaze wakati ugali unasongwa. Haina mlango ambao mzazi anaweza kuusimamia. Ndiyo maana khutba ya kuharamisha peke yake haifiki popote: inafunga mlango wa nyumba ambayo watu wameshahama. Kinachobakia ni kumpa mtoto mizani aibebe mwenyewe, kwani simu anaibeba mwenyewe.

Rustam wa Makka na farasi wa Bibi Aisha (r.a.)

Wale wanaoharamisha yote wana hoja, na ni uadilifu kuitaja. Wapokezi wa Sira wanatueleza habari za Nadhr bin Harith, Mkureshi aliyesafiri hadi Hira, akajifunza visa vya wafalme wa Uajemi na mashujaa wao Rustam na Isfandiyar. Mtume (s.a.w.) alipokuwa akiondoka katika baraza, Nadhr alikuwa akikaa mahali pake na kuwasimulia watu visa hivyo ili wasahau waliyoyasikia. Baadhi ya wafasiri wameifungamanisha habari hiyo na aya ya 6 ya Surat Luqman. Kwa hiyo, hadithi ya jabari kutumika kuwapoteza watu si jambo la jana. Hilo tunalikubali.

Lakini tuitazame habari hiyo vizuri. Kosa la Nadhr halikuwa kusimulia. Lilikuwa kusimulia kwa nia ya kuifunika haki. Na jawabu alilopewa halikuwa ukimya. Qur'ani imejaa visa: vya Yusuf, vya Musa, vya vijana wa pangoni, vya Dhul-Qarnayn. Msimulizi alijibiwa kwa simulizi iliyo bora na iliyo kweli. Je, walimu wetu wanaoharamisha katuni, wamewapa watoto simulizi gani badala yake? Katika madrasa nyingi mtoto hukutana na ubao, fimbo na kuhifadhi. Visa vya Mitume huvisikia mara moja kwa mwaka, katika hotuba ndefu iliyotungiwa watu wazima.

Kisha ipo habari aliyoipokea Abu Daud katika Sunan yake. Mtume (s.a.w.) aliwaona wanasesere wa Bibi Aisha (r.a.), na katikati yao farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Alimwuliza kuhusu farasi huyo mwenye mabawa, naye akamjibu kwa kumkumbusha farasi wa Nabii Sulayman (a.s.). Mtume (s.a.w.) akacheka hadi meno yake ya nyuma yakaonekana. Hakumpokonya farasi, wala hakumwambia kwamba farasi hawaruki. Basi anayesema kwamba kuruka peke yake ndiyo haramu ya katuni, na ajibu kwanza kicheko hicho.

Walitoka wapi mashujaa hawa?

Huwezi kupima kitu usichokijua asili yake. Shujaa wa kwanza wa aina hii, Superman, alitokea katika kitabu cha picha mwezi Juni 1938 nchini Marekani. Waliomtunga walikuwa vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, watoto wa wahamiaji, katika miaka ya ukosefu mkubwa wa kazi. Katika matoleo ya mwanzo kabisa Superman hakupigana na majitu ya sayari za mbali. Alimtia adabu mume anayempiga mkewe, akamwokoa mwanamke aliyehukumiwa kufa bila hatia, na akamfungia mwenye mgodi ndani ya mgodi wake mwenyewe mbovu ili aone hali ya wachimbaji. Sisi wa wilaya yenye nikeli ya Kabanga hatuhitaji kuelezwa kwa nini hadithi ya namna hiyo ilipendwa na watu wanyonge.

Lakini vijana hao walikuwa wameuza haki zote za shujaa wao kwa dola 130. Kampuni zikachuma mamilioni, wao wakabaki wakihangaika mahakamani miaka na miaka. Ni mwaka 1975, baada ya aibu kuenea magazetini, ndipo walipokubaliwa malipo ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na majina yao kurudishwa. Waliomtunga mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani walidhulumiwa kwa karatasi, na hakuna aliyeruka kuja kuwaokoa. Huo ni ukweli ambao hauchorwi katika katuni.

Baadaye shujaa mwenyewe alibadilika. Mwaka 1954, kufuatia kelele za wazazi na kitabu cha daktari Fredric Wertham dhidi ya vitabu vya picha, wachapishaji walijiwekea kanuni zao. Baadhi ya kanuni hizo zilikuwa na maana, kama kupunguza damu na uchafu. Lakini mojawapo ilizuia kuwachora polisi, mahakimu na viongozi wa serikali kwa namna itakayowavunjia watu heshima kwa mamlaka. Hakimu anayekula rushwa na tajiri anayewanyonya wafanyakazi wakazidi kufifia katika hadithi, na nafasi yao ikachukuliwa na majitu na wendawazimu. Tangu hapo mtoto anafundishwa kwamba dhulma ina pembe, ina sauti ya kutisha, na hutoka mbali.

Na leo ni biashara kubwa mno. Mwaka 2009 kampuni ya Disney iliinunua Marvel kwa takriban dola bilioni 4, na filamu moja tu ya mwaka 2019, Avengers: Endgame, iliingiza zaidi ya dola bilioni 2.7 duniani kote. Mwenye duka la kadi za kumbukumbu pale Ngara mjini yuko mwisho kabisa wa mto huo.

Mizani ya kwanza: nguvu zimetoka wapi?

Mwulize mtoto swali hili kila anapomaliza kutazama. Superman nguvu zake ni za kuzaliwa, kwa kuwa si mtu wa dunia hii. Captain America alidungwa dawa. Spider-Man aliumwa na buibui. Black Panther, ambaye filamu yake ya mwaka 2018 iliwafurahisha Waafrika wengi kwa kuona nchi ya weusi isiyotawaliwa na mtu, hunywa maji ya mmea, na utajiri wa nchi yake yote unatokana na madini yaliyoanguka kutoka mbinguni. Thor ni sanamu ya kale ya makabila ya Ulaya ya kaskazini, aliyefufuliwa mwaka 1962 akafanywa rafiki wa watoto; kuhusu huyo hatuna haja ya maneno mengi mbele ya watu wa Tawhidi.

Ni nasaba, sindano, mdudu, jani na madini. Hakuna hapo elimu iliyosomwa kwa taabu, wala subira, wala jasho. Je, ndugu zetu hamlitambui somo hili? Ni somo lile lile la hirizi. Mganga naye humwambia mtu kwamba nguvu imo ndani ya kitu: ukikipata kitu, umeipata nguvu. Katika Kanda ya Ziwa tumeona mahali imani hiyo inapoishia. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa sababu watu waliaminishwa kwamba utajiri umo ndani ya viungo vyao. Mwaka 2024, katika mkoa wetu huu wa Kagera, mtoto mdogo mwenye ualbino alinyakuliwa na kuuawa wilayani Muleba. Hatusemi kwamba katuni ndiyo iliyomwua. Anayesema hivyo atakuwa mwongo. Tunasema kwamba jamii yenye jeraha kama hilo haiwezi kumwachia mtoto asikie kila jioni kwamba nguvu hukaa ndani ya kitu, bila mtu mzima hata mmoja wa kumwambia kwamba si kweli.

Na wasije watu wakadhani kwamba maradhi haya ni ya Marekani peke yake. Mwambao wetu nao ulikuwa na majabari wake. Utenzi wa Rasi 'lGhuli, uliotungwa na Mgeni bin Faqihi katika karne ya 19 na kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1979, una beti zaidi ya elfu nne za vita vya Masahaba dhidi ya mfalme dhalimu wa Yemen. Ni hazina ya lugha, na mjuzi wa Kiswahili asiyeujua amepungukiwa. Lakini kisa chake kinatokana na vitabu vya maghazi anavyonasibishiwa Abul Hasan al-Bakri, mtu ambaye Imamu Dhahabi alimtaja kuwa mzushi wa visa. Humo Sayyidna Ali (r.a.) anakuwa jabari asiyefanana na yule tunayemjua kwa mapokezi sahihi, aliyeogopwa vitani lakini akajulikana zaidi kwa elimu, uadilifu na mkate mkavu. Cha ajabu ni kwamba jina hilo hilo la Ra's al Ghul lilichukuliwa na Wamarekani mwaka 1971 likapewa adui wa Batman, na mwaka 2005 likaonekana katika filamu Batman Begins. Mtoto wa Ngara hulisikia kwenye simu bila kujua kwamba mababu wa pwani walilighani miaka mingi kabla ya Batman kuchorwa.

Mizani ya pili: mwenye nguvu akikosea hufanya nini?

Katika filamu hizi miji huporomoka. Mashujaa wanapigana na adui, majengo yanaanguka juu ya watu ambao hatuoni nyuso zao, kisha mashujaa wanaondoka wakitaniana. Swali hili liliwabana hata watunzi wenyewe. Mwaka 2016 walitoa filamu nzima, Captain America: Civil War, ambamo mataifa yanadai mashujaa wawe chini ya sheria baada ya mji kuangamizwa. Na Captain America, ambaye filamu inabeba jina lake, anakataa kutia sahihi. Mtoto anaondoka na somo kwamba mwenye nguvu na nia njema hana haja ya kuulizwa.

Linganisheni na Surat al-Qasas. Nabii Musa (a.s.), kijana mwenye nguvu nyingi, anamkuta mtu wa upande wake akipigana na mwingine. Anaombwa msaada, anapiga ngumi moja, na yule mtu anakufa. Kama ingekuwa filamu, hapo watoto wangepiga makofi. Lakini kisa cha Qur'ani kinageuka hapo hapo: Musa anakitambua kitendo hicho kuwa ni katika kazi ya shetani, anajilaumu, anaomba msamaha, na anaahidi kutokuwa msaidizi wa wakosaji. Kesho yake yule yule aliyemsaidia anamwita tena akiwa katika ugomvi mwingine, na Musa anamwona kuwa mpotevu aliye wazi. Hicho ndicho kisa cha mwenye nguvu kilicho kamili. Nguvu zipo, na kosa lipo, na toba ipo, na funzo kwamba anayeomba msaada si lazima awe na haki.

Kwa mizani hii hii tumpe haki yake Spider-Man wa mwaka 1962. Kijana huyo alipopata nguvu alizitumia kujitafutia pesa na sifa, akamwacha mwizi apite kwa kuwa halikumhusu, na mwizi huyo akaja kumwua ami yake aliyemlea. Maisha yake yote baada ya hapo yamejengwa juu ya jambo ambalo Mwislamu analijua kwa jina la amana. Mzazi anayejua kisa hicho ana mlango wa kuzungumza na mwanawe. Mzazi aliyeharamisha bila kujua ameufunga mlango huo kwa mkono wake.

Mizani ya tatu: watu wengine wana kazi gani?

Hii ndiyo mizani nzito kuliko zote. Tazameni umati katika filamu za mashujaa. Wanapiga mayowe, wanakimbia, wananyoosha vidole juu. Hakuna fundi, hakuna mkulima, hakuna mama anayefanya lolote la maana. Wapo ili waokolewe.

Sasa rudini kwenye Surat al-Kahf ambayo wengi wetu tunaisoma kila Ijumaa. Dhul-Qarnayn amepewa uwezo mkubwa duniani. Anawakuta watu wanaosumbuliwa na Yaajuj na Maajuj, nao wanamwahidi malipo ili awajengee kizuizi. Hapa palikuwa mahali pa jabari kunyanyua mlima kwa mkono mmoja. Yeye anayakataa malipo, lakini anawataka wao wenyewe wamsaidie kwa nguvu zao. Wanaleta vipande vya chuma, wanavuvia moto, wanamimina shaba iliyoyeyuka. Ukuta unasimama, na wanyonge wa jana wamekuwa wajenzi. Kisha mwenye nguvu huyo hasemi kwamba ni kazi yake; anasema ni rehema ya Mola wake. Tunawauliza walimu wa madrasa: ni lini mara ya mwisho mliwasimulia watoto kisa hiki kwa sauti ya kusimulia, wakaona moto na kusikia nyundo?

Ngara inajua

Kuna sababu ya sisi kulishikilia jambo hili kuliko watu wa miji mingine. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa kama saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilayani kwetu. Benaco, palipokuwa pori, pakawa moja ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Chini ya daraja, mto Kagera ulikuwa ukipitisha maiti kuelekea Ziwa Victoria. Wazee wanaosali nasi wanayakumbuka hayo, na wengi hawapendi kuyasema.

Maovu yale hayakuletwa na jitu lenye pembe. Yalifanywa na majirani, kwa mapanga ya shambani, dhidi ya majirani. Na kabla ya mapanga kuinuliwa, kulitangulia kazi ya kuwabadilisha watu kuwa majitu. Redio iliwaita binadamu mende. Gazeti la Kangura liliwachora kwa katuni za dhihaka na chuki. Ndiyo, ndugu zetu, katuni. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari iliyokuwa Arusha, hapa hapa Tanzania, ilimtia hatiani mhariri wa gazeti hilo pamoja na viongozi wawili wa redio. Mhariri huyo alikuwa na jina la Kiislamu, nalo halikumfaa kitu wala halikuwafaa waliouawa. Basi anayesema kwamba picha za katuni ni mchezo tu, na aende akasome hukumu ya Arusha. Mchoro unaomfundisha mtu kwamba adui si binadamu si mchezo.

Na waliookoa walikuwa nani? Hawakuwa wanaoruka. Katika Rwanda ile ile, Waislamu, waliokuwa wachache sana, wengi wao walikataa kuingia katika mauaji na wakawaficha majirani zao majumbani na misikitini. Mtaa wa Biryogo mjini Kigali unatajwa kwa hilo hadi leo. Upande wetu wa daraja, waliobeba maji, waliochimba makaburi na waliopokea yatima walikuwa watu wenye miguu ardhini na hofu moyoni. Hakuna hata mmoja aliyevaa vazi la rangi. Kama mtoto wa Ngara akikua akidhani kwamba mwovu atamtambua kwa pembe na mwokozi kwa mabawa, basi siku ya mtihani hatamtambua mwovu akiwa amevaa shati la jirani, wala hatajitambua kwamba mwokozi aliyekuwa akingojwa ni yeye mwenyewe.

Waliojaribu kutengeneza vyao

Wapo Waislamu na Waafrika walioona pengo hili wakajaribu kuliziba, na kazi zao nazo zipimwe kwa mizani zile zile. Mwaka 2006 Dkt. Naif Al-Mutawa wa Kuwait alianzisha mfululizo wa vitabu vya picha uitwao The 99, wenye mashujaa wanaotajwa kwa sifa zinazotokana na majina matukufu, na baadaye ukawa filamu ya katuni. Nia yake ilikuwa kuwapa watoto wa Kiislamu mashujaa wao. Wapo waliomsifu, na wapo wanazuoni wa Saudi Arabia waliomharamishia. Sisi hatuungi mkono waliomtishia maisha; maneno hujibiwa kwa maneno. Lakini tunasema kazi hiyo inaanguka kwenye mizani ya kwanza, kwani nguvu za mashujaa wale zinatoka katika vito. Ni hirizi ile ile iliyovishwa kilemba. Kubadilisha majina hakubadilishi somo.

Mwaka 2013 Pakistani ilitoa katuni ya Burka Avenger, inayomhusu mwalimu wa kike anayewapinga wanaotaka kufunga shule ya wasichana, na silaha zake ni vitabu na kalamu. Hana nguvu za kuzaliwa wala jiwe. Alijifunza kwa mlezi wake. Watu wanaweza kubishana kuhusu vazi na muziki, lakini katika mizani ya kwanza amesimama vizuri kuliko The 99.

Karibu zaidi nasi, Ubongo Kids ilianza kurushwa kwenye televisheni ya taifa mwaka 2014, imetengenezwa Dar es Salaam kwa Kiswahili, na watoto wake wanatatua matatizo ya kijiji kwa hesabu na sayansi. Mwaka 2021 ikatoka Super Sema, ya msichana wa Kiafrika na kaka yake wanaopambana na dhalimu kwa ubunifu na ufundi. Nyimbo zimo nyingi, na mwenye kujizuia na muziki ana haki ya kujizuia. Lakini katika mizani ya tatu, ambayo ni nzito kuliko zote, mtoto wa kijijini anaonekana akifikiri, akikosea, akijaribu tena na akishirikiana na wenzake. Anayeziweka katuni hizi na Thor katika hukumu moja hajapima, amechoka tu.

Tunataka nini?

Kwa wazazi tunasema: tazameni pamoja nao. Filamu moja kwa juma haitakufilisi muda wako. Ikiisha, uliza maswali matatu. Nguvu zimetoka wapi? Alipokosea alifanya nini? Watu wengine walikuwa na kazi gani? Mtoto wa miaka 8 anaweza kuyajibu, na akiyazoea atayauliza hata wewe ukiwa hupo. Na panapo upagani wa wazi au uchafu, zima, na mweleze sababu kama unavyomweleza mtu mwenye akili.

Kwa walimu wa madrasa tunasema: rudisheni usimulizi. Babu zetu wa Kihangaza na Kishubi walilea watoto kando ya moto kwa hadithi, na hawakuwa na umeme. Itengwe nusu saa kila juma, baada ya Alasiri, mwalimu aweke fimbo chini asimulie kisa kimoja kutoka katika Qur'ani au Sira sahihi, kwa sauti, kwa mikono, bila haraka na bila kuongeza uongo. Visa vya kweli havihitaji kuongezewa mabawa.

Kwa wazee wa 1994 tunaomba: semeni. Wajukuu wenu wanamjua Captain America na hawajui nani alibeba maji Benaco. Mkiondoka bila kusema, mtakuwa mmewaachia simu iwasimulie.

Na kwa wale wa mimbarini: kabla ya kuharamisha kitu, kikalieni. Vijana wanaujua utupu wa hukumu ya mtu asiyejua anachokihukumu, na wakiuona katika jambo hili dogo watautilia shaka ukweli wenu katika mambo makubwa.

Mtume (s.a.w.) alikwisha kutufundisha kwamba mwenye nguvu si yule anayewaangusha watu, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira. Shujaa huyo haruki, wala hauzwi kwa kadi. Anaweza kulelewa katika nyumba yoyote ya Ngara, kuanzia jioni ya leo, na mzazi aliye tayari kuketi chini.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu kuwa kitulizo cha macho yetu, na atujaalie sisi kuwa wenye kustahili kusimuliwa. Wabillahi Tawfiq.